Kupuliza Ngozi Nyeusi Isipauke

Visanamu vingi vya askari Waafrika ninavyoviona vimepakwa rangi vina kasoro moja: nyuso zimepauka. Sare imepigwa vizuri, vifungo vinang'aa, bunduki ina hadi mikwaruzo ya matumizi, lakini ukifika usoni unakutana na mtu kama aliyeoga asubuhi ya Julai akatoka nje bila kujipaka mafuta. Shavu lina jivu, paji lina jivu. Mimi hupaka visanamu vya askari wa King's African Rifles (KAR), jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, na wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, hapa nyumbani Buruburu, na suala la ngozi ndilo lililonifanya ninunue brashi ya hewa, chombo cha kupuliza rangi kwa hewa. Wengine huinunua ili wamalize kazi haraka. Kwangu kazi yake kubwa ni mwanga, na hakuna mahali mwanga unadai uangalifu kuliko kwenye ngozi nyeusi.

Chanzo cha kupauka kinajulikana. Anayejifunza huambiwa kwamba akitaka rangi ing'ae zaidi aongeze nyeupe. Sasa changanya nyeupe na kahawia iliyokolea uone: unapata rangi ya vumbi, baridi, isiyo na damu ndani yake. Ngozi nyeusi haifanyi hivyo juani. Mtazame kondakta aliyesimama mlangoni mwa matatu mchana kweupe. Sehemu kubwa ya uso wake inabaki na rangi yake nzito, kisha kuna madoa madogo makali ya mwanga kwenye paji, kwenye mwamba wa pua, juu ya mfupa wa shavu. Madoa yale si rangi ya ngozi, ni jua lenyewe linarudishwa. Na kati ya hapo na kivuli cha chini ya kidevu, rangi inapitia wekundu, inapitia chungwa, mara nyingine inaingia zambarau. Hizo ni kazi mbili tofauti. Ya kwanza, rangi inayobadilika polepole, ni ya brashi ya hewa. Ya pili, mng'ao, ni ya mwisho kabisa na hufanywa kwa brashi ya manyoya. Ukizichanganya, jivu linaingia.

Chombo chenyewe ni cha zamani. Brashi ya hewa ya mtindo tunaotumia leo, inayokutanisha hewa na rangi ndani ya mdomo wake, ilibuniwa na Charles Burdick na ikaonyeshwa kwenye maonyesho makubwa ya Chicago mwaka 1893. Umbo lake halijahama sana tangu hapo: kikombe kidogo cha rangi juu, sindano ndefu inayopita katikati, nozeli mbele, na triga chini ya kidole cha shahada. Bonyeza triga, hewa inatoka. Ivute nyuma, sindano inarudi na rangi inafuata. Hiyo ndiyo ya vitendo viwili, na kwa visanamu sipendekezi nyingine. Tundu la nozeli hupimwa kwa milimita: 0.2 ni ya kazi nyembamba sana lakini huziba ovyo, 0.5 hupitisha praima, yaani rangi ya kwanza ya msingi, na rangi za chuma bila shida, na mwenye pesa ya kununua moja tu achukue 0.3.

Kompresa, mashine ya kubana hewa, ndiyo itakayokula pesa. Zile kubwa za gereji utakazoziona Kirinyaga Road zina nguvu ya kutosha na kupita, ila kelele yake haikai kwenye nyumba ya ploti. Ndogo ya pistoni yenye tangi la lita 3 inatosha. Usikubali isiyo na tangi, kwa sababu pistoni husukuma hewa kwa mapigo, na mapigo hayo utayaona kwenye mstari wako. Tangi hukufaa pia stima ikipotea katikati ya kazi, maana hewa iliyobaki inatosha kumalizia bega na kuosha kikombe kabla rangi haijagandia ndani. Kuna mbinu ya wazee wa fani hii huko ng'ambo ambayo naona ingefaa Nairobi kuliko kwao: tairi. Tairi la gari dogo hubeba hewa ya psi 30 hivi (psi ni kipimo cha presha), na sisi tunafanya kazi kati ya 15 na 25. Liunganishe na regyuleta ya kupunguza presha na kichujio, na una hewa isiyo na kelele wala tokeni ya stima. Ikiisha unalisukuma hadi kwa jamaa wa pancha pale steji.

Hewa ya Nairobi ina tabia zake, na maelekezo yaliyoandikwa kwa mtu wa London hayazigusi. Tuko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya tano, na maji hukauka upesi. Januari na Februari, anga likiwa kavu, rangi ya akriliki hukaukia kwenye ncha ya sindano kabla uso mmoja haujaisha. Utaiona brashi ikianza kukataa, unavuta triga zaidi, kisha inatema doa mahali usipotaka. Ifute ncha kwa brashi laini yenye unyevu kila baada ya mipulizo michache, hata kama huoni kitu. Ongeza kwenye rangi dawa ya kuchelewesha kukauka. Ukiikosa, tone la gliserini halisi, hii inayouzwa kwenye duka la dawa kwa ajili ya ngozi, litafanya kazi hiyo. Nasema tone, kwa sababu ikizidi rangi itabaki ikinata hadi kesho yake.

Mvua za Machi hadi Mei zikifika, mambo yanageuka. Hewa ikibanwa hupata joto, na inapopoa ndani ya mpira maji yake hujitenga. Tone moja likifika kwenye nozeli linaosha kazi ya jioni nzima. Kwa hiyo weka kichujio cha pili karibu na mkono, mbali na kompresa, na tangi ulimwage kila unapomaliza. Julai haina matata isipokuwa subira: rangi hukawia, na tabaka la pili likiwahi linaburura la kwanza.

Kuhusu kidole, nilifundishwa na fundi wa matatu.

Nilikuwa nimekwenda gereji moja Kariobangi Light Industries kumtazama akipuliza uso wa mwanamuziki nyuma ya basi la abiria 33. Watu hawa ni walimu wakubwa wa brashi ya hewa katika mji huu, na sijui kwa nini sisi wa visanamu tunakimbilia video za kigeni kabla ya kuwaendea. Kanuni za matatu za waziri Michuki zilipoanza kutekelezwa Februari 2004, magari yakapewa mstari wa njano na michoro ikapungua sana. Baadaye ikarudi kwa kishindo. Siku hizi stika zimechukua sehemu kubwa ya kazi, lakini uso unaotakiwa uishi bado unapulizwa kwa mkono. Yule fundi alinipa brashi nijaribu kwenye kipande cha bati, akanitazama kidogo, akasema, "Dada, mbona unaifunga hewa? Hewa iache itoke. Wewe fungua rangi na ufunge rangi."

Maneno hayo yana fani nzima ndani yake. Kidole kikishabonyeza hakiinuki hadi kazi ya eneo hilo iishe. Hewa inapita muda wote, na triga inakwenda nyuma na mbele tu. Ukifunga hewa kabla ya rangi, rangi inabaki kwenye nozeli, na ukifungua tena inaruka kama tone. Mkono nao huanza kutembea kabla rangi haijatoka na huendelea baada ya rangi kufungwa, la sivyo kila mstari utakuwa na vichwa viwili vinene. Zoezi zuri ni karatasi ya gazeti na maji yenye rangi kidogo: nukta, nukta ndogo zaidi, kisha mstari unaoanza mwembamba ukapanuka ukarudi mwembamba. Sogea karibu, mstari unakonda. Rudi nyuma, unatawanyika. Ukisogea hadi sentimita 2 au 3 bila kupunguza presha, rangi itakimbia pembeni kwa miguu ya buibui. Ukiwa mbali mno itakauka hewani na kutua kama unga, na uso utakuwa na chengachenga zisizofutika.

Uzito wa rangi nao huupimi kwa kijiko. Iinamishe brashi kidogo, rangi ipande kwenye ukuta wa kikombe, kisha uiache irudi. Inayofaa hushuka mara moja na kuacha utando unaopenyeza mwanga. Ikiacha ukuta mtupu ni nyepesi mno, ikishuka kwa kujikokota ongeza maji ya kupunguzia. Kwa ngozi napenda nyepesi zaidi ya hapo: mpulizo mmoja kwenye karatasi nyeupe uonekane kwa shida.

Sasa mwanga. Mwalimu wangu ni zile sanamu tatu za shaba nyeusi za Kenyatta Avenue, kazi ya James Alexander Stevenson, zilizosimamishwa mwaka 1928 kuwakumbuka askari na wapagazi waliokufa katika vita vile. Watu wanazipita kila siku wakikimbilia benki. Nendeni mkazitazame katikati ya Machi au mwishoni mwa Septemba, siku ambazo jua linapita juu yetu moja kwa moja, kwa kuwa Nairobi iko nyuzi 1 na kidogo tu kusini mwa ikweta. Nendeni saa sita na nusu hivi, si saa sita kamili. Saa yetu ya Afrika Mashariki imepangwa kwa mstari wa longitudo ulio mashariki ya mji, kwa hiyo jua letu huchelewa kufika juu. Chini ya jua la utosi utaona juu ya kofia kunawaka, mabega yanawaka, mgongo wa pua unawaka, na matundu ya macho yamekuwa meusi kabisa. Chini ya kidevu hakuna kitu. Mkono uliokunjwa una mwanga kuanzia kiwiko hadi kifundo kwa upande wa juu tu, na mpaka wa mwanga na kivuli ni laini kwenye nyama, mkali kwenye mkanda na mtutu.

Wapakaji wengi huuweka mwanga huo kwenye praima: nyeusi kisanamu kizima, kisha nyeupe inapulizwa kutoka juu pekee. Baadaye rangi nyepesi zikipita, kivuli na mwanga vinajitokeza vyenyewe. Kwa sare ya kaki ni njia nzuri na ninaitumia. Kwa ngozi yetu naikataa. Ile nyeupe ya chini inapenya kupitia kahawia na kuleta jivu lilelile, safari hii kutoka ndani.

Njia yangu ni hii. Visanamu vya milimita 54 mara nyingi huja na kichwa kando, basi nakichomeka kwenye kijiti cha meno na kukifanyia kazi peke yake. Praima yangu ni kahawia iliyokaribia weusi, niliyoitia zambarau. Hiyo inafunika kila mahali, puani, ndani ya sikio, chini ya taya, na kuna sehemu haitaguswa tena. Kisha napunguza presha hadi 15 na kupuliza kahawia yenye wekundu kutoka juu kwa pembe, kichwa nikikizungusha polepole kwenye kijiti. Mipulizo mingi isiyoonekana. Unafika wakati unatazama na uso umetoka, bila kujua ni mpulizo upi ulioutoa. Rangi ya tatu ni ileile iliyotiwa chungwa na ocha (njano ya udongo), kamwe si nyeupe, na mahali pake ni pachache: paji juu ya nyusi, mwamba wa pua, mfupa wa shavu, ncha ya kidevu, ukingo wa sikio. Hapo nasogea sentimita 2 na triga inavutwa kiasi cha unywele.

Baada ya hapo narudi nyuma. Naisafisha brashi, natia rangi ya divai nyepesi mno, na kuipitisha kwenye matundu ya macho, chini ya mashavu na mdomoni. Hatua hii watu huiruka, nami naiona ndiyo inayotia damu. Tabaka zote za chini zinaunganishwa na ukungu mmoja wa wekundu, na uso unaacha kuonekana kama rangi tatu zilizopangwa.

Wala hakuna kahawia moja. Batalioni za KAR zilikuwa na watu wa Nyasaland (Malawi ya leo), wa Uganda, wa huku kwetu Wakamba na Wanandi, na mwenye macho anajua kwamba ukiwapanga watu hao hutapata wawili wa rangi sawa. Kwa mmoja zambarau inazidi kwenye kivuli, kwa mwingine nyekundu, kwa mwingine ocha inashuka hadi mashavuni. Nikiona kikosi kizima kimepulizwa kutoka kikombe kimoja naumia, kwa sababu mtu aliyefanya hivyo aliwapa Waingereza wa kikosi hichohicho nyuso tofauti.

Miguu inastahili neno lake. Askari wengi walienda peku, vitambaa vya buluu vikiwa vimezungushwa toka kifundo hadi chini ya goti. Kisigino na ukingo wa wayo ni vyeupe zaidi ya juu ya mguu, na mpaka huo ukiuweka vizuri mguu unakuwa mguu. Hapo pia ndipo mahali pekee ninaporuhusu vumbi: udongo mwekundu wa njia ya Voi kuelekea Taveta, ambako askari walipita kuelekea kilima cha Salaita mwaka 1916. Naupuliza kutoka chini kwenda juu, mwepesi, ukiishia nusu ya vile vitambaa.

Kabla sijasonga mbele, nazungumza na mafundi na wapenzi wa kazi hii kuhusu mapafu. Rangi za magari zinazochanganywa na hadina, dawa ya kuzigandisha, zina kemikali ya isosayaneti, na moshi wake ni miongoni mwa vyanzo vikubwa vya pumu ya kazini. Nimewaona vijana wakipuliza mabodi wamejifunga leso puani. Leso haizuii chochote, wala barakoa ya hospitali haizuii. Inayotakiwa ni barakoa ya mpira yenye vichujio vya mvuke na vumbi, na vichujio hivyo hubadilishwa. Kwa hadina, hata hiyo haitoshi pasipo chumba cha kupulizia chenye feni ya kutoa hewa, na fundi kuletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje. Rangi zetu za akriliki ni pole zaidi, lakini ukungu wake ni mwembamba na unaingia mapafuni vilevile, kwa hiyo vaa barakoa, fungua dirisha, weka feni inayovuta kwenda nje. Thina ya magari nayo isiingie kwenye brashi yako ovyo, kwani hufurisha zile pete za mpira za ndani na hewa ikaanza kuvuja kwenye kikombe. Mwenye gereji anayemwajiri kijana bila kumnunulia barakoa anamdhulumu, na sisi wateja tunaweza kuuliza kabla ya kulipa.

Kazi ya mwisho ni ya brashi ya manyoya. Macho, meno, kucha, mstari wa mdomo. Brashi ya hewa haiwezi na haina haja. Mng'ao nao unawekwa hapa, nukta chache za buluu hafifu sana iliyochanganywa na ile ocha, maana kinachoakisiwa kwenye paji jeusi ni mbingu pia. Kisha vanishi, na hapa sare na ngozi zinaachana: sare inapata isiyong'aa kabisa, ngozi inapata ya mng'ao wa wastani. Ukipuliza isiyong'aa juu ya uso uliopakwa kwa njia hii, umeupausha tena.

Mwezi huu niko na wapagazi. Wachonga visanamu wanapenda mwenye bunduki, na mpagazi ni nadra kumpata, ingawa Nairobi tuna mtaa mzima, Kariokor, unaobeba jina la kikosi chao, Carrier Corps. Basi namkata askari bunduki, nabadilisha pembe ya mikono, na mzigo naujenga kwa udongo wa epoksi. Na mzigo ukishakaa kichwani, mwanga wote niliouelezea hapo juu unabadilika. Jua la utosi linaishia kwenye mzigo. Uso mzima unaingia kivulini, paji halina tena haki ya kung'aa, na sehemu yenye mwanga zaidi ya ngozi inakuwa mabega na migongo ya mikono iliyoinuliwa. Lakini uso haufi, kwa sababu ardhi nyekundu inarudisha mwanga kutoka chini. Kwa hiyo nimeanza kukipindua kichwa na kupuliza chungwa lililofifia kutoka upande wa shingo, likagusa chini ya taya, chini ya midomo, na upande wa chini wa nyusi, nikiwa nimeshusha presha hadi 12. Cha kwanza kimekauka jana na taya lake limekaa sawa. Kwenye nyusi nitapunguza chungwa kidogo kwa wanaofuata.